Rangi ya Mdomo wa Buabua

Ndege akifa, rangi ya mdomo wake ndiyo hutangulia kupotea. Manyoya yanaweza kukaa kwenye droo mpaka wajukuu wa mtu aliyeyahifadhi wazeeke, lakini mdomo, miguu na jicho huanza kufifia siku ileile, na haupiti muda mrefu kabla njano, nyekundu na chungwa hazijageuka zote kuwa rangi ya ukucha mchafu. Ndiyo maana mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa kuhifadhi ndege katika jumba la makumbusho tangu kabla sijazaliwa, alikuwa na sheria moja ambayo hata Mkuu wa jumba hakuthubutu kuivunja. Ndege akiletwa, hakuna kumpima, hakuna kumchuna, hakuna hata kunawa mikono. Kwanza rangi. Mjomba alimpeleka dirishani, akamgeuzageuza kwenye mwanga, akaandika kwenye lebo rangi alizoziona, akaifunga kwa uzi mguuni mwa ndege. Mengine yote yangeweza kusubiri chai.

Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, ukishapita choo cha wageni. Kulikuwa na sinki la bati, meza ya mbao yenye madoa, friza kuukuu iliyonguruma kama mzee anayekoroma, robota la pamba, nyaya za ukubwa mbalimbali, na debe la dawa ya unga ya kuzuia wadudu. Dada wa mapokezi alikuwa akimwona tu anaingia na mfuko wa plastiki, anaziba pua.

"Manyoya, leo umetuletea marehemu nani?"

"Shemeji yako. Kaniambia nikusalimie."

Jina hilo la Manyoya lilimganda mpaka likaingia ofisi ya mishahara. Mjomba hakulichukia. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole virefu, na alizungumza taratibu kana kwamba kila neno lazima kwanza lipitie dirishani. Nilipoanza chuo nilizoea kwenda kusomea kwenye chumba hicho, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka kukaa humo.

Katika ndege wote waliopita mikononi mwake, aliowapenda ni buabua. Huyu ni ndege mweupe wa pwani, mwenye mabawa membamba yaliyochongoka, mkia uliogawanyika kama panda ya mti, na kofia nyeusi ambayo kisogoni husimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Wengi humwita shakwe. Mjomba hakuwa mkali, ila kwa hilo alikuwa akiweka kisu chini.

"Shakwe ana mwili wa mpishi," alisema. "Buabua ana mwili wa fundi cherehani. Shakwe akikosa samaki anakwenda jalalani. Buabua akikosa samaki, analala njaa."

Buabua aliowazungumzia hulea makinda yao mbali, kaskazini, kisha huja kwetu kukaa miezi ambayo bahari imetulia, halafu huondoka tena. Wako wa aina mbili, na ukiwalaza pamoja kwenye droo ni kama mapacha. Ukichukua rula haikusaidii, kwa sababu jike kubwa la aina moja hulingana na dume dogo la aina nyingine. Manyoya ni yaleyale. Kinachowatenganisha ni mdomo tu: mmoja una rangi ya chungwa, mwingine njano ya limau. Kwenye chumba cha mjomba waliitwa hivyohivyo, buabua-chungwa na buabua-limau.

Chungwa wako kila ufuko. Wanakaa kwenye ngalawa zilizopumzishwa, kwenye nguzo, hata juu ya paa la kiwanda cha barafu. Limau ni wachache, na hakuna aliyejua vizuri wanakaa wapi wakiwa huku. Droo za zamani zilikuwa nao kadhaa, waliokusanywa na mafundi waliomtangulia mjomba, na wote walitoka mahali pamoja: fungu la mchanga lililo pale mto unapoingia baharini. Lilikuwa fungu la kawaida tu, refu, jeupe, lenye majani machache mgongoni. Mtu angeweza kulipita bila kuligeukia.

Kisha ikaundwa kamati ya kujenga maghala, na ramani yao ikaonyesha kifusi kikimwagwa juu ya fungu hilo lote. Kwa mujibu wa sheria ilibidi kwanza waliulize jumba la makumbusho ni ndege gani wanaolitumia. Kama ni limau, fungu lisiguswe. Kama ni chungwa, wana fuko nyingine za kutua, kazi iendelee.

Mkuu alifungua droo. Katika misimu ya karibuni watu walikuwa wameleta buabua wengi kutoka hapo, walionaswa na mishipi au kupigwa na dhoruba. Wote walikuwa wamepita mikononi mwa mjomba, na lebo zote zilisema chungwa. Mkuu akaandika hivyo, mjomba akasoma, akakubali.

"Basi wale wa limau wamekwisha," alisema jioni ile mezani. Akasogeza sahani yake pembeni.

"Kula, Baba Kadogo," mkewe alimwambia. "Hao ndege hawajakukataza kula." Kadogo ni binti yao, ambaye siku hizi ni mkubwa na ameolewa mji mwingine, lakini wazazi wake waliendelea kuitana kwa jina hilo.

Kile ambacho hakuna aliyekijua wakati huo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutojua, ni kwamba mjomba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ugonjwa huo hauji kwa kishindo. Unakuja kama moshi wa jikoni unavyokula ukuta. Kila siku ukuta unaonekana uleule wa jana. Dunia ilikuwa inageuka rangi ya chai mbele ya mjomba, na yeye alidhani ni dunia. Alilalamikia balbu. Alilalamikia magazeti. Zaidi ya yote alilalamikia ufuaji.

"Mama Kadogo, hivi tumebadilisha sabuni? Mbona shuka za manjano?"

"Shuka ni nyeupe pe. Cha manjano ni hicho kichwa chako."

Siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, mkewe alimshika mkono wa shati akampeleka hospitali. Daktari wa macho akasema wataanza na jicho la kulia, la kushoto lingefuata baadaye.

Nilikuwepo nyumbani kwao alipotolewa bandeji. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama dari, akatazama mikono yake, akamtazama mkewe.

"Kumbe gauni lako ni la bluu?"

"Jamani! Nimelivaa miaka yote hii. Ulidhani la rangi gani?"

"Jeusi."

"Na hukuniuliza naomboleza nani?"

"Niliogopa utanitajia."

Tulicheka mpaka mkewe akajifuta machozi kwa lile gauni lenyewe. Mjomba akaomba radhi kwa habari ya shuka, zote, tangu ya kwanza. Akaanza kufumba jicho moja, kisha jingine, kama mtoto aliyepewa kioo. Kwa kulia kweupe, kwa kushoto chai. Kulia, kushoto. Halafu nikaona kicheko kinafutika usoni mwake. Alikuwa anatazama ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni.

"Ndoo ile ina rangi gani?" aliniuliza.

"Njano, mjomba."

"Njano gani?"

"Njano ya limau."

Akafumba jicho la kulia, akaitazama kwa muda na lile la kushoto. "Kwa hili ni chungwa," alisema.

Daktari alikuwa ameagiza apumzike, asiiname, asitoke juani. Mkewe alisimama mlangoni akayarudia maneno hayo ya daktari yote kwa sauti. Mjomba alikuwa tayari anavaa viatu.

Kwenye friza ya jumba la makumbusho alikuwamo buabua mmoja kutoka fungu la mchanga, wa msimu uliopita, aliyekuwa bado hajachunwa. Lebo ilikuwa mguuni: mdomo, chungwa. Mjomba alimpeleka dirishani akiwa ameganda kama jiwe, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Maji ya barafu yalimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Sikumwuliza anaona nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nauona mdomo ule.

Alikwenda kwa Mkuu na ndege mkononi. Mkuu alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, ambaye enzi za uanafunzi wake alijifunza kuchuna ndege kwenye meza ileile ya mjomba. Mjomba alimweleza yote bila kujitetea: jicho, ndoo, lebo za misimu yote ile. Mkuu alimchukua ndege akaenda naye dirishani kwake.

"Naona njano iliyopauka," alisema hatimaye.

"Limau."

"Iliyopauka, Fundi. Amekaa kwenye friza tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

"Na nani alinifundisha kwamba mdomo uliotoka kwenye friza si ushahidi? Kwamba barafu hufyonza chungwa mpaka likafanana na limau?"

Mjomba alitazama sakafu. "Ni mimi."

"Uliniambia ukinikuta naandika rangi ya ndege wa friza utanitoa chumbani. Nililia siku ile."

"Ulilia kweli," mjomba alisema. "Lakini Mkuu, andika limau."

"Siwezi kuandika nisichokiona. Hata wewe usingeandika."

Hakusema kwa ubaya. Siku hiyohiyo aliijulisha kamati kwamba lebo za misimu ile haziaminiki tena, na kwamba jumba la makumbusho halijui ni buabua gani wanaotua kwenye fungu la mchanga. Halijui. Neno hilo lilimuuma mjomba kuliko kama angeitwa mwongo. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ni kuandika kile ambacho wengine hawakuwahi kukiona, na wao kumwamini. Sasa ilibidi misimu yake ya mwisho ifutwe, na aliyeomba ifutwe ni yeye.

Njia iliyobaki ilikuwa kumwona ndege hai. Lakini buabua walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kulea. Tulikwenda kwenye fungu maji yalipokupwa, mjomba akiwa amevaa kofia pana na miwani myeusi ya hospitali, akitembea kama mtu anayeogopa kumwagika. Tulikuta shakwe, kunguru, watu wanaochimba chambo, na vigingi vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Mvuvi mmoja wa mshipi alituonyesha picha alizopiga kwa simu msimu uliopita. Ndege walikuwepo, wengi, kama mchele uliomwagika kwenye mkeka. Usingeweza kutenganisha kichwa na mkia.

"Unakumbuka midomo yao ilikuwa na rangi gani?" mjomba alimwuliza.

"Mzee wangu, mimi naangalia midomo ya samaki."

Mjomba aliokota manyoya mawili matatu kwenye majani, akayatazama, akayaachia upepo. Alijua vizuri kuliko yeyote kwamba manyoya hayasemi.

Alipata wazo la kwenda mwenyewe mbele ya kamati. Alimwomba daktari wa macho cheti cha kuthibitisha kwamba jicho lake lilikuwa bovu kwa miaka kadhaa, ili waelewe kwamba kosa halikuwa la uzembe. Mkewe alimpigia pasi shati. Mimi nilikaa safu ya nyuma ya ukumbi, karibu na feni. Mwenyekiti alikisoma cheti kwa sauti, kisha mhandisi mmoja, kijana mwenye adabu, akainua mkono.

"Mzee, samahani. Cheti kinasema ulikuwa huoni?"

"Nilikuwa naona vibaya."

"Na ndege hawa uliwaona wakati huo?"

"Ndiyo."

"Sasa hivi hawapo?"

"Hawapo. Watarudi bahari ikitulia. Naomba mngoje tu mpaka warudi, tuwatazame."

"Na kama tungekuwa tumengoja mwaka jana, ungetuambia ni chungwa."

Watu wachache walicheka, si kwa dharau, ni kile kicheko cha watu waliochoka kukaa. Mjomba alibaki amesimama. Kila alivyozidi kuwaonyesha kwamba alikosea, ndivyo neno lake la sasa lilivyozidi kupungua uzito, na neno hilo ndilo pekee alilokuwa nalo. Mwenyekiti alimshukuru kwa uaminifu wake. Alisema kutojua si sababu ya kusimamisha kazi. Wakaendelea na suala la barabara ya malori.

Nyumbani mkewe alimwuliza, "Wamesemaje?"

"Wamenishukuru."

Mkewe alimtazama, akachukua lile shati, akalitundika.

Malori yalianza bahari ikiwa bado haijatulia. Kifusi kilikuwa cha majengo yaliyobomolewa: matofali, vigae vya bafuni, vipande vya ngazi. Mjomba hakwenda kuangalia, lakini aliyajua yote kwa sababu barabara ya malori ilipita nyuma ya jumba la makumbusho, na chupa za dawa zilitetemeka kwenye rafu yake kutwa nzima. Dada wa mapokezi aliacha kumtania. Siku moja nilimsikia akimwambia mgeni, "Usimsumbue yule mzee, leo si siku yake," na siku yake haikufika.

Bahari ilipotulia fungu lilikuwa limezungushiwa uzio wa waya, na ndani yake maghala mawili yalikuwa yamepauliwa kwa mabati. Mjomba alianza kwenda pale kila asubuhi kabla ya kazi. Asubuhi moja nilifuatana naye. Tulikuta mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio magotini.

"Mzee, kila siku unakuja kutukagua," alisema. "Kama unatafuta kibarua sema tu, nikuunganishe."

"Natazama ndege, mwanangu."

"Hawa wanaokuja? Wasumbufu hao. Wanachafua mabati. Meneja katuambia tuwafukuze kwa debe." Akatuonyesha debe na rungu lake, akacheka. "Ni shakwe, sivyo?"

Kabla mjomba hajajibu, tuliwasikia. Walikuja kutoka baharini, kundi kubwa, weupe, kofia nyeusi vichwani, wakilia kwa ile sauti yao ya bawaba isiyotiwa mafuta. Walishuka moja kwa moja juu ya yadi kama watu wanaoingia nyumbani gizani, wasiohitaji taa kwa sababu wanajua kiti kiko wapi. Kisha wakasita hewani. Wakazunguka. Mmoja akajaribu kutua kwenye mabati, akateleza, akaruka tena. Tulikuwa tumesimama upande wa bahari, jua nyuma yetu, likiwapiga usoni kila walipogeuka. Mjomba alifunika jicho la kushoto.

"Limau," alisema. Mwingine akapita, karibu kabisa. "Limau. Na yule. Wote."

Nikapiga picha. Mimi si hodari wa picha, lakini ile ilitoka safi, kila mdomo unaonekana, njano isiyo na ubishi.

"Kumbe si shakwe?" mlinzi aliuliza.

"Buabua."

"Kwao wapi?"

Mjomba alinyoosha kidole kupitia matundu ya uzio, chini, kwenye kifusi kilichokuwa chini ya kiti cha plastiki. "Hapo."

Mlinzi alitazama miguu yake, akatutazama sisi, akadhani anataniwa. "Hapa? Hapa ni kwa kampuni, mzee." Akainuka, akachukua debe lake, akaanza kulipiga, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ndege walipanda juu, wakazunguka tena mara kadhaa, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia. Jua lilipokuwa kali walikuwa wamekwisha kuelekea baharini, na hatukuweza kuona waligeukia upande gani.

Mkuu aliitazama picha, akasema ni limau, hakuna shaka yoyote, na kwamba ataituma kwenye kamati. Aliituma. Kamati ilijibu kwamba imeipokea.

Msimu ule wote, siku za mapumziko, mjomba na mimi tulitembea pwani kutafuta walikohamia. Tulikwenda kwenye ghuba za kaskazini, tukaenda kusini mpaka miamba ilipotuzuia, tukawauliza wavuvi, tukakaa juani na chupa zetu za maji. Buabua walikuwa wengi kila mahali, wamejipanga kwenye ngalawa na nguzo, vichwa vyote vikielekea kwenye upepo. Kila ufuko tuliofika mjomba alifunika jicho la kushoto, akawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho, akasema chungwa, tukaendelea kutembea.